Niacheni Nifunge Vifungo Vyangu

Laki tisa, laki tisa. Tangu asubuhi mnarushiana hiyo laki tisa ya kila mwezi juu ya kitanda changu kana kwamba mimi ni godoro. Kaka mtu anasema hiki kituo cha wazee kinatukamua, tumrudishe baba nyumbani tumnunulie kiti cha magurudumu. Binti yangu kitindamimba anajibu kwamba baba hatoki hapa mpaka apone. Na hakuna hata mmoja aliyenigeukia akaniuliza, wewe mwenye nyonga iliyovunjika, unasemaje. Sasa nyamazeni. Vuta kiti, binti yangu, na wewe kaka mtu toka hapo mlangoni, maana pumzi niliyonayo ni ya kuazima.

Sikilizeni, wanangu. Mimi sikusoma. Kuchomelea vyuma nilijifunza kwa kuungua, na mageti yangu bado yamesimama kwa sababu sikuwahi kumdanganya mteja unene wa bomba. Ninyi pia sitawadanganya: mnaniua, na mnaniua kwa heshima.

Nilipoletwa hapa baada ya upasuaji nilipewa yule muuguzi ambaye wazee wote wanamwita Simama, kwa kuwa neno lake ni hilo hilo. "Simama, mzee." Nikamwambia, binti, naumwa. "Najua unaumwa. Simama, uumwe ukiwa wima." Nilimtukana matusi ya karakana. Alikaa akakunja mikono, akaniacha nihangaike na vifungo vya shati langu mpaka nikafika cha juu kabisa, ndipo akasema, "Umeruka kimoja, shati limekwenda upande, lakini shati ni lako." Tukacheka wote wawili. Na ile fremu ya kutembelea imechomelewa ovyo, mimi ningeona haya kuiuza, ila nilikuwa naishika naenda nayo hadi dirishani, natazama geti la jirani, nalitoa kasoro, narudi kwa miguu yangu.

Ndipo wewe, binti yangu, ukaingia ukanikuta natweta, mkono mmoja ndani ya shati na mwingine nje, ukalia, ukaenda kwa meneja: "Tunalipa pesa yote hii baba yetu ajivalishe kama yatima?" Na kaka yako akatia lake, kwamba mtu mzima haburuzi vyuma ukumbini watu wakimtazama. Simama akahamishiwa wodi nyingine. Nikaletewa mhudumu mpole, ananilisha, ananigeuza, ananipangusa, pumzika baba, pumzika baba, na ninyi mkija mnafurahi kwamba mzee anatunzwa kama mfalme. Chuma kisichoguswa huliwa na kutu. Mapaja haya mliyoyapanda mkiwa wadogo yamebaki vijiti, na jana daktari aliwaambia mbele yangu kuwa kifua kimejaa kwa sababu ya kulala. Mkaitikia, ndiyo daktari, mkarudi kwenye laki tisa yenu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa guu lililovunjika ni la mkuu, na wasiosikia ni ninyi.

Karakana ni ya binti. Usinune, kaka mtu, mgongo uliponikaza, yeye alishika mashine, wewe ulishika simu. Nyumba ni yenu wote, na atakayejenga ukuta katikati asije kwenye mazishi yangu. Nani ananidai? Hakuna. Mimi ndiye ninayedai.

Ngojeni... nipumue.

Nendeni kwa meneja, nyote wawili, mkaseme mlikosea. Msitume ujumbe, nendeni. Simama arudi kitandani kwangu. Akisema sitatembea tena, yeye nitamwamini, kwa sababu hajawahi kunibembeleza. Na kama kifua hiki kitanishinda kabla, nife na shati nililofunga mwenyewe, hata likienda upande.

Hapana, usininyweshe. Weka kikombe mkononi. Kikimwagika, kimemwagika.

Mungu awakuze, wanangu. Awape uzee mrefu, na watoto wenye roho ngumu ya kukaa kando wakawatazama mkihangaika. Sina... sina zaidi ya hiyo.

Kaka mtu. Fremu yangu uliificha kwenye buti ya gari. Kailete.