Aliyefunga Kisima cha Mtaa

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Klorini, alizaliwa tarehe 3 Juni 1971, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi hapa hapa mtaani, kisha chuo cha afya, na mwaka 1996 akaajiriwa kuwa bwana afya katika kituo chetu, nguo zake zikinuka dawa kiasi kwamba shemeji yetu, aliyefunga naye ndoa mwaka 1999 na kumzalia mabinti wawili, aliiita ile ndoo ya dawa mke mwenza.

Kipindupindu kilipoingia Februari mwaka huu, marehemu alikwenda kila nyumba iliyopata mgonjwa, akapuliza dawa chooni na vyumbani, na kwa kuwa mgonjwa wa pili mara nyingi alitokea nyumba ile ile, maana walishakunywa maji yale yale, watu wakaanza kusema kwamba ni yeye anayeusambaza ugonjwa kwa bomba lake la kupulizia, na alipopima maji ya kisima, akakuta yana kinyesi na kukifunga kwa mnyororo, basi, hasira zikafurika.

Tarehe 11 Machi aliburutwa kutoka langoni mwa kituo, akapigwa matofali, akavunjwa taya na mbavu, akamwagiwa dawa yake mwenyewe machoni, na aliyetangulia mbele akishangilia ni fundi mwashi, jirani yetu, ambaye kesho yake, jamani, alimleta bintiye hapo hapo kituoni, anatapika na kuharisha maji meupe, macho yameingia ndani, wauguzi wamezidiwa, na marehemu, aliyelazwa kitanda cha jirani, asiyeweza hata kufungua kinywa, akamwonyesha kwa vidole namna ya kumnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko, hata akitapika asiache. Mtoto alipona. Kaka yetu alifariki tarehe 15 Machi, kwa damu iliyovujia kichwani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, wafanyakazi wenzake wanaopuliza dawa hadi leo huku wakitukanwa, na majirani, ndiyo, hata ninyi mliorusha matofali, maana tunawajua, na leo mmekuja mmevaa vizuri kubeba jeneza. Libebeni. Familia haitaki kisasi, ila asubuhi hii tumekuta mnyororo wa kisima umekatwa, na mjane ameomba niseme hapa mbele ya mwili kwamba atakayekwenda na ndoo atamkuta yeye na mabinti zake wamekaa juu ya mfuniko, aanze na wao.

Pumzika, kaka, kama ni matofali, sasa yatatukuta sisi.