Siku Hiyo Msiende Mikono Mitupu

Kaa hapo, Dada, na usininyang'anye ungo. Nitaongea huku nachambua mchele, kwa sababu maji yameshachemka na watu watakula leo hata kama chama kimepata mwenyekiti mpya. Fundi, zima hiyo redio. Kitinda, mwondoe mtoto wa kaka yako hapo mlangoni, kisha na wewe ukae. Sikilizeni, wanangu, na msinikatize, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kubana matumizi, na nikinyamaza katikati ya neno msikimbilie kunipepea. Subirini tu, litakuja.

Nilikuwa nimefika nusu ya mchele huu Bwana Agenda alipobisha hodi. Mnamjua katibu wetu, hata akija kuomba chumvi huanza kwa kufungua kikao. Nyuma yake wanaume wawili wameikumbatia ngoma kuu, jasho linawatoka. Nikadhani wanairudisha tu baada ya mkutano, kama kila mwaka. Akavua kofia, akanipa pole ya ugonjwa, kisha akanipa hongera. Nikamuuliza hongera ya nini. Akasema, "Mama Mwenyekiti, sasa pumzika. Binti yako ameipiga." Basi ngoma ikaingia ndani kabla ya mtoto mwenyewe kufika, ikawekwa hapo mnapoiona, kati ya meza na mlango wa jikoni, nami nikabaki na ungo mapajani natafuta pa kupitisha mguu.

Nilikutuma upeleke udhuru, Dada. Udhuru wa mdomo tu, kwamba mama ni mgonjwa, hawezi kuendelea, wachague mwingine. Mtu anatumwa kupeleka udhuru, anarudi na cheo. Ningecheka kama kifua kingeniruhusu.

Sikugombezi. Umenieleza jinsi ukumbi ulivyokuwa kimya, wenye watoto wanatazama mlango, na baba yenu mdogo kakaa mstari wa mbele kakunja mikono, akasema kwa ule upole wake kwamba ngoma ile ni ya nyumba ile, na watu wote wakageuza shingo kwako. Nilipokuuliza kwa nini uliipiga, ulinijibu, "Mama, walikuwa wananitazama." Jibu hilo nalijua. Ningekuwa na jingine la kuwapa watu walioniuliza miaka yote hii, ningelitoa.

Kitinda ulikuwa mchanga, kwa hiyo nitaanzia mbali. Baba yenu na wenzake walipoanzisha chama cha kuendeleza muziki na utamaduni wa Kiafrika, walikutana katika chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya ujenzi, wana marimba moja, mifuko ya saruji ya kukalia, na maneno mengi sana. Walipofika kwenye kanuni, mtu mmoja akashauri wanunue nyundo ya mbao ya kufungia mikutano. Baba yenu akakataa. Akasema watu wa ngoma hawafungi mkutano kama mahakama. Utafungwa kwa ngoma kuu, na atakayeipiga ndiye atakuwa amekubali kuongoza mwaka unaofuata, na mpaka ipigwe mkutano haujaisha na hakuna wa kuondoka. Walipiga makofi mpaka mwenye duka akaja kuuliza kuna nini. Lilikuwa wazo zuri, na sisemi halikuwa. Ila walikuwa watu ambao kila mmoja mikono inamwasha akiona ngoma, kwa hiyo hakuna hata mmoja aliyejiuliza itakuwaje siku ambayo hakuna anayetaka kuipiga.

Siku hiyo ilikuja tulipomzika yeye. Wanachama waliileta ngoma mpaka kaburini, wakaiweka upande wa miguu yake, wakasimama. Dua zikaisha, udongo ukaisha, watu hawaondoki. Mawingu yamefunga, mvua imeanza kudondoka, wazee wanatetemeka, na wote wananitazama mimi. Nilikuwa nimekubeba wewe, Kitinda. Shangazi yenu akanihurumia, akasema nimpe mtoto nipumzike kidogo, nikampa. Na hapo ndipo nilipokwisha, kwa sababu mikono yangu ikawa mitupu, na mwanamke mwenye mikono mitupu mbele ya ngoma na umati unaolowa atafanya nini? Niliipiga ili watu waende nyumbani. Walinishangilia, mvua ikanyesha, nami nikarudi hapa nikiwa mjane na mwenyekiti kwa mchana mmoja.

Tangu hapo kila mwaka nimeingia mkutanoni nikiwa na maneno ya kuaga mdomoni. Naaga, wanasikiliza, wanatikisa vichwa kwa huzuni, kisha hakuna anayeinuka. Magari ya mwisho yanakaribia kuondoka. Mtoto wa mtu anaanza kulia njaa. Mwishowe nainuka naipiga, na mlangoni wananishika bega wananiambia walijua tu Mama hatawaangusha.

Nipeni maji. Hapana, kikombe kile kidogo.

Mimi ni fundi cherehani, wanangu. Wateja wangu walikuwa wanaingia kwa mlango ule wa mbele, wanakaa pale ilipo marimba kubwa. Kwanza yalikuja mavazi ya wachezaji wa chama, nikayapisha kona. Kisha kayamba, kisha njuga, kisha dirisha likazibwa kabisa na zile marimba, na tangu zizibe sijui huko barabarani kunapita nani. Cherehani ikahamia chumbani kwangu, nashona nimekaa kitandani, na mteja gani atachukuliwa vipimo kitandani kwa mtu? Wakaisha mmoja mmoja. Msimu wa mvua ngozi zinalegea, kwa hiyo ngoma ndizo zinazokaa karibu na jiko na sisi tunakaa mbali. Wageni wanakuja kupiga picha, wananiambia nina bahati ya kuishi ndani ya utamaduni. Huwa nawaambia wapite kwa upande, wasijikwae.

Msidhani nachukia muziki. Jumamosi watoto wakijaa uani na yule mwalimu wao akiwapanga, hata mimi mguu wangu haunisikii. Kazi ile ni njema na iendelee. Ninachokataa ni kwamba ili iendelee lazima mtu wa nyumba hii afungiwe nayo.

Na yule mwalimu wa watoto ndiye ninayetaka mumfikirie. Miaka yote anafundisha bila kulipwa, anajua kuwamba ngozi, anajua kuzungumza na wenye ukumbi, na anaitaka kazi hiyo. Mwaka juzi, kabla sijainuka, yeye aliinuka. Alifika hatua chache kutoka kwenye ngoma, baba yenu mdogo akakohoa. Kikohozi tu. Akasimama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu, akarudi kukaa. Hakuzaliwa hapa wala hakuolewa hapa, ndiyo dhambi yake. Baba yenu mdogo anasema analinda kiti cha kaka yake. Anakilinda kweli, lakini kukikalia hataki. Anataka kilindwe na migongo yetu. Msigombane naye. Msalimieni, mpeni chai, na akikohoa mwacheni akohoe.

Sasa shikeni haya, kwa sababu naanza kuchoka.

Dada, ajira yako kule hospitali ya mji mwingine inaanza mwezi ujao, na begi lako liko chini ya kitanda. Nimekusikia jioni hii unasema utawaomba wakusubiri kidogo, uweke chama sawa kwanza. Hicho kidogo nakijua, kimekula dirisha langu. Usiombe kitu. Utaondoka kesho, ukakae kwa shangazi yako mpaka siku ya kuripoti. Kanuni yao yenyewe inasema mwenyekiti akihama, mkutano unaitwa upya. Wakija kukuulizia watanikuta mimi mlangoni, nitawaambia umehama, na ngoma hii wataibeba waipeleke stoo ya ukumbi, maana hapa hailali tena. Fundi, wewe utawasaidia kuibeba, ila mpaka mlangoni tu. Ukifika nayo ukumbini watakushukuru, na ukishashukuriwa umekwisha.

Cherehani ni ya Kitinda, na uitoe chumbani uirudishe dirishani. Nyumba ni yenu wote, asiuze mtu bila wenzake. Marimba, kayamba na mavazi ni mali ya chama, yaondoke yote. Lile zeze la ukutani ni letu, baba yenu alilichonga mwenyewe, lisipelekwe popote. Jirani wa upande wa pili nina deni la usingizi wake. Nendeni mkamwombe radhi kwa niaba yangu, na msiende na mtu wa chama, ataanza kumwandikisha uanachama.

Kisha kuna siku yenyewe. Msinitazame hivyo, daktari amesema na mimi nimesikia. Siku hiyo wataileta ngoma. Wataiweka upande wa miguu yangu, watasimama, watawatazama. Labda mvua itakuwepo, labda jua litawachoma wazee, na mtaona aibu mpaka masikioni. Ndiyo maana nawagawia vitu mapema. Dada, wewe utambeba mtoto huyu wa Fundi. Asikupokee mtu, hata akilia; hasa akilia. Fundi, shika mwavuli kwa mikono miwili, iwe mvua iwe jua. Kitinda, shika mkoba wangu, uukumbatie kifuani. Msiongee, msieleze, msiombe radhi. Kaeni kimya mpaka wachoke kuwatazama ninyi waanze kutazamana wao kwa wao. Itachukua muda. Mwalimu wao atakuwepo, amesimama nyuma kama kawaida yake. Akianza kutembea, mpisheni njia. Akikohoa mtu, Fundi, nawe kohoa, kwa nguvu zaidi.

Na asipotembea? ... Ngojeni. Pumzi.

Asipotembea, na wakae hapo. Mimi nitakuwa nimelala, sina haraka. Lakini ninyi msiguse.

Mchele ndio huo, umekuwa safi, utie. Mboga ziko tayari chini ya kifuniko. Nisaidie kusogea, Fundi, taratibu. Mungu awape kazi mnazozichagua wenyewe, na awape watu wa kuwauliza kwanza kabla ya kuwashangilia. Awape madirisha yanayofunguka. Hayo yananitosha kuwaombea, sina pumzi ya mengine.

Haya, wali umeiva. Pakua, Kitinda. Kwangu kidogo. Dada yupo, na kesho alfajiri awe hayupo. Fundi yupo. Kitinda, kaa sasa, upo. Mimi nipo, mnanisikia. Mtoto yuko wapi? Mwangalieni, yuko pale kwenye ngoma, kiganja kiko juu tayari. Usimpigie kelele, Fundi, hajafanya kosa. Mlete hapa karibu yangu. Mpe kijiko ashike. Na mkono ule mwingine, mpe cha pili.

Haya, tumetimia. Kuleni.