Glasi Saba za Tefu

"Mzee Batho, tupe elfu arobaini zetu za palizi, nyasi tumeng'oa zote," ndivyo Hatibu, aliyeketi hapa na hawezi kukataa, alivyomwambia marehemu Bartholomeo mwezi Aprili 2017, kumbe nyasi zenyewe ndizo tefu, nafaka ya Wahabeshi, punje zake ndogo kuliko ulezi. Marehemu alifoka hadi mbuzi wakakimbia, kisha akalipa yote, kwa kuwa hakuwaonyesha vibarua kipi ni zao na kipi ni gugu.

Alizaliwa Mgeta tarehe 14 Agosti 1961, akasoma shule ya msingi 1970 hadi 1976, na tangu 1983 akawa utingo, kisha dereva wa malori ya mboga ya Dar es Salaam. Alifunga ndoa na Anastasia tarehe 9 Mei 1987, wakajaliwa Elia na Petro.

Mwaka 2015, akishusha kabichi kwenye mgahawa wa Wahabeshi, aliona mkate mwembamba wenye vitundu kama sega la nyuki, akauliza ni unga gani, unalimwa wapi, unachachushwaje, mpaka mpishi akamjazia kopo la mbegu ili aondoke. Mwaka wa kwanza alizifukia kama mahindi, hazikuota, wa pili ndio huo wa Hatibu, na wa tatu alichanganya zilizobaki na mchanga, akazimwaga juu juu, zikaota siku ya nne. Alipepetea chumbani, madirisha yamefungwa, maana upepo wa Mgeta, alisema, ungezirudisha kwao. Mama Elia akachachusha unga siku tatu, na waliokuwa wakimcheka kwamba analima malisho wakaja na sahani.

Hakuuza mbegu. Alizikopesha kwa kipimo cha glasi ya chai, ukivuna unarudisha mbili.

Kifua kilimlaza Desemba 2024, na akiwa hospitali paa lilivuja, mbegu zake zote zikaota ndani ya gunia. Alifariki tarehe 11 Februari 2025, akiwa bado anauliza kama mvua imeanza.

Tunawashukuru madaktari, majirani mliombeba kwenye machela mteremko mzima, na madereva wenzake. Ulale salama, Batho, umeuliza vya kutosha.

Nyumba hii haina hata punje, na masika yanakuja. Glasi saba zilitoka, wenyewe mnajijua. Kumi na nne zirudi kwa Mama Elia kabla ya Jumapili.