Waliotufikisha Getini

Kijiwe chetu ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wa kinu cha kusaga unga, na ukikaa hapo asubuhi unaondoka na mgongo mweupe. Muuza kahawa huweka jiko lake upande usio na upepo, nasi tunajipanga: Spana, fundi wa pampu za maji, kwenye kona; Waziri, ambaye ni dobi, katikati, maana hawezi kuongea na watu wa upande mmoja tu; Dada Mkuu na cherehani yake karibu na mlango; halafu mimi, mchora mabango, penye nafasi iliyobaki. Wote wanne tumepitia mikononi mwa shirika lililo nyuma ya kinu hiki hiki, lile linalowatafutia kazi vijana waliokosa wa kuwashika mkono. Lina jina lake refu, ila kwetu limebaki Kwa Mama Twende, kwa ajili ya mama aliyelianzisha, Mungu amrehemu. Asubuhi hiyo habari ilikuwa mbaya. Kijana waliyempatia kazi kiwanda cha mikate alifika getini, akasimama, akarudi kwao. Si wa kwanza mwaka huu. Waajiri wamechoka, kimebaki kiwanda cha sabuni peke yake, nacho kimesema kitapokea mmoja wa mwisho. Huyo naye akirudi njiani, shirika halina tena pa kumpeleka mtu.

Waziri ndiye aliyefungua kikao.

Waziri: Tatizo ni viatu.

Spana: Viatu vimefanya nini tena?

Waziri: Siku hizi wanapewa viatu vipya. Kiatu kipya kinalia, bwana. Mtoto anakaribia geti, kwi, kwi, kwi, mlinzi anamkodolea macho. Wewe ungeingia?

Dada Mkuu alitaka kujua kama yeye alianza udobi akiwa peku. Waziri akajibu kwamba alikwenda na viatu vya kaka yake, vikubwa, vyenye adabu ya kukaa kimya.

Spana: Achana na viatu. Mageti yamekua.

Waziri: Yamekua vipi?

Spana: Zamani geti lilikuwa linaishia hapa kifuani. Unamwona mlinzi, unamwona bosi, unaona hata paka wa bosi. Leo ni bati mpaka mawinguni. Nimefunga pampu kwenye viwanda hivyo, najua ninachosema. Wanayaongeza kidogo kidogo kila mwaka, wakati wa mvua, watu wakiwa ndani.

Nilimuuliza kwa nini iwe wakati wa mvua. Alinitazama kama nimemuuliza kwa nini maji yanalowesha, akasogeza kikombe chake kijazwe.

Waziri hapendi kupitwa. Akasema basi tuambiwe ukweli wote: kiwanda cha mikate kina feni maalumu ya kupuliza harufu nje. Kijana ambaye hajanywa chai akiivuta ile harufu, kichwa kinazunguka, na kikimaliza kuzunguka anajikuta anatazama alikotoka. Tulimuuliza kiwanda kinapata faida gani. Alisema kinaogopa kuajiri watu wenye njaa, watakula mikate. Muuza kahawa alicheka hadi akamwaga kahawa kwenye makaa.

Dada Mkuu: Nyote hamna mnalojua. Ni simu.

Spana: Haya, simu nayo ina kosa gani?

Dada Mkuu: Inamwongoza njia nzima. Pinda hapa, vuka pale. Akifika getini inamwambia, umefika. Naye anaamini kweli amefika, anasimama. Nani wa kumwambia aingie?

Hapo hakuna aliyecheka. Spana alijikuna shingo, akasema Mama Twende hakuwa na simu ya hivyo, alikuwa na watu.

Ndipo tulipomwona binti mmoja, kitambaa cha kijani kichwani, amesimama hatua chache kutoka benchi. Alitusalimu shikamooni, tukaitikia, tukasogea apate pa kukaa. Kumbe ndiye huyo wa kiwanda cha sabuni. Anaanza kesho, na shirika limemwambia aje hapa aulize njia.

Binti: Njia yenyewe naifahamu kidogo. Jana nilikwenda kulitazama lile geti. Nilisimama upande wa pili wa barabara, sikuvuka.

Ilitosha tumwelekeze na tumtie moyo kwa maneno mawili. Lakini alikuwa amegusa penyewe. Nani angetuzuia?

Tulimweleza utaratibu wa zamani. Mama Twende alikuwa akisema kijana haogopi kazi, anaogopa geti. Kwa hiyo ukipata kazi, alikutafutia mtu wa njia hiyo hiyo, mwenye kazi yake mwenyewe. Wiki nzima ya kwanza mtu huyo alikugongea mlango alfajiri, mkatembea pamoja, na haondoki getini mpaka umeingia. Hakuwa ndugu yako, wala halipwi. Mama alimwambia twende, basi.

Spana: Mimi nilipelekwa na muuza nyama. Bonge la mtu. Njia nzima haongei, anapiga mluzi. Tulipofika miguu ikagoma. Akaniambia, ingia, nakuona. Nikaingia. Nilipogeuka mlangoni mwa stoo bado yupo, kisu kimefungwa kwenye gazeti, kipo kwapani. Mlinzi anamwogopa yeye, mimi ananisahau.

Dada Mkuu: Wangu alikuwa nesi, katoka zamu ya usiku, macho mekundu. Tulipita mbele ya nyumba yake, mwanangu. Taa ya jikoni inawaka, watoto wake wanamsubiri. Hakuingia. Alinifikisha mimi kwanza.

Akainama kutafuta sindano ambayo haikuwa imeanguka.

Mimi nilimsimulia binti juu ya karani wa posta aliyenikunjulia kola, akamwambia mlinzi, huyu ni fundi rangi, mpokee vizuri. Wakati huo nilikuwa sijui hata brashi inashikwaje. Ninamkumbuka sana mtu yule. Sijui kama yu hai, na roho inaniuma kwamba sijui.

Tulimsubiri Waziri atoe hotuba. Hakutoa.

Waziri: Wangu alinishika mkono. Nilikuwa na ndevu tayari, na alinishika mkono mpaka ndani ya geti.

Tukakaa hivyo, kila mtu na asubuhi yake ya zamani. Zilikuwa siku njema zile, na watu walikuwa watu. Binti alikuwa amesikiliza kila neno, na uso ule wa woga aliokuja nao ulikuwa umefunguka kabisa.

Binti: Na nyinyi, mlimsindikiza nani?

Spana alichungulia ndani ya kikombe chake. Waziri alimtazama Dada Mkuu, Dada Mkuu akatazama cherehani yake. Muuza kahawa akasema kahawa imekwisha, ingawa hakuna aliyeomba. Binti aliendelea kututazama mmoja mmoja, bado anatabasamu, akisubiri, maana mpaka hapo hadithi zetu zote zilikuwa tamu.