Uboho wa Mutoni

Sikieni, wadogo zangu, sogeeni, na wewe Karim futa makamasi, pua yako ni mbaya hata ikiwa kavu. Najua wosia ni wa wazee, lakini Papa alishakwenda, Maman naye, na mkubwa wa nyumba hii ni mimi, kijana mzuri kuliko wote Kamembe, niliyetoroka shule mapema na bado hakuna fundi anayechomelea lango likafanana na langu. Damu yangu imeharibika tangu ndani ya mifupa. Hilo mnalijua. Mjue sasa aliyenichelewesha.

Daktari alieleza, hata mimi nikaelewa: askari wa mwili huwatambua wenyeji kwa alama, nusu umepewa na baba, nusu na mama, alama hizo hutofautiana jamii kwa jamii, na kwetu Afrika ni za aina nyingi mno, ndiyo maana katika watu wa dunia nzima waliojitolea kutoa uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, wapandikiziwe wagonjwa kama mimi, wengi wao Wazungu, hakupatikana wa kulingana nami. Akasema, leteni kwanza wa baba mmoja na mama mmoja. Mzee Latifu, baba yetu mdogo, akashika habari ya jamii tu, la mama mmoja akalitema! Nyinyi wawili mlipokosa kulingana nami, akakusanya binamu wa Bugarama wenye paji la uso la Papa, hata muuza mchele mmoja eti ana kimo chetu, wote wakachomwa sindano bure. Nikiuliza, "Na dada yetu Mutoni?" ananijibu, "Yule aliolewa na Muderhwa, mtu wa kabila la Bashi kule Kongo, tena Mkatoliki. Damu yake sasa ni ya bale bantu ba Bukavu." Ndoa inabadilisha uboho, Mzee? Basi wewe uliyeoa mara tatu una damu ngapi?

Nikampigia mwenyewe. Akavuka mpaka siku ileile, akatoa mkono, na majibu yakaja: alama zake ni zangu. Zote! Lakini mapafu yangu yalikuwa yameshaingiliwa na ugonjwa, daktari akasema mwili huu haupandikiziki tena. Miezi ile ya binamu ndiyo iliyoniua, si damu.

Sasa shikeni. Ateliye, karakana yangu ya kuchomelea, ni ya nyinyi watatu, Mutoni wa kwanza. Gasaro, funguo kaa nazo wewe, huyu Karim atauza mashine anunue viatu. Latifu akija kugawa, mpeni chai, asigawe kitu. Kaburini asinipokee yeye. Na kwenye matanga Mutoni akae nanyi mkeka mmoja, mtu asimwite mgeni. Oeni mnakotaka, olewa unakotaka, Gasaro, lakini mtu wa tumbo letu asifutwe tena.

Mungu awape... ngoja, nipumue... awape batoto wa sura za kila namna, wote wazuri, wasinishinde tu. Karim, dada yenu yuko pale nje barazani, mzee amemkatalia kuingia. Mwite. Kwa sauti, Latifu asikie. Mwambie kaka anasema... ingia, Mutoni... kaa hapa kichwani kwangu... hapa ni kwenu.