Wafa Aliyepatikana Akiwa Rania

Mgeni rasmi, Bwana Komiseri wa polisi, karibu mtaani kwetu Carama. Viti tumeviazima kanisani, zulia tumeliazima msikitini. Makofi ni yetu wenyewe.

TULIKOTOKA

Sisi wazazi wa watoto waliopotea tulikutanishwa na risasi za mwaka jana, mtaa mzima ulipokimbia. Mwenzetu Mwavita alikuwa amemshika mkono binti yake Wafa, wa miaka saba. Kwenye msongamano mkono ukamponyoka.

Polisi walitaka picha. Alikuwa nayo moja tu, ya Idi: Wafa na binamu yake Rania katika gauni za kitambaa kimoja, kama tunavyowavika watoto wetu sikukuu. Afisa akazungushia kichwa kimoja wino mwekundu.

"Apana, Shefu," Mwavita akasema, "ni ule mwingine."

"Mama, hii kazi ni ya wataalamu."

MAFANIKIO YENU

Hapo ushirikiano wa kimataifa ukang'ara! Picha ikavuka mpaka, na baada ya miezi minane polisi wa nchi mbili wakamkamata Rania Uvira, kwa shangazi yake, alikokwenda kula likizo. Mtoto akalia, "Mi siko Wafa! Mi ni Rania!" Wakaandika: amechanganyikiwa. Akaletwa kwa magari mawili na mpiga picha, akashushwa mlangoni kwa Mwavita, nyumba ya tatu kutoka kwao. Likizo ikaishia hapo, maskini.

Faili la Wafa likafungwa. Hongereni sana.

TATIZO DOGO

Wiki iliyopita Epiphanie, mwenzetu anayeuza vitenge Kigoma, alirudi na habari. Katika kambi ya wakimbizi kule kuna msichana anayesema, "Naitwa Wafa, mama yangu ni Mwavita wa Carama." Polisi wa huko wakapekua orodha yenu ya waliopatikana, wakamjibu, "Mwongo we. Wafa alisharudi kwao." Jamani! Tangu siku hiyo Mwavita hali, halali.

OMBI

Tunasikia umemletea Mwavita cheti cha kumpokea mtoto, asaini mbele ya kamera. Yule pale, kulia kwako. Hatasaini.

Tunaomba ufute neno "amepatikana" kwenye faili la Wafa, kisha upige simu moja Kigoma. Sasa hivi, mgeni rasmi, tukiwa tumekaa hapa hapa. Soda yako tutaifungua ukimaliza kuongea.

Mungu akujalie leo uwakute watoto wako wote nyumbani.

Ni sisi,
Wazazi wa Watoto Waliopotea, Carama