Treni ya Duara

Benchi ni langu, nianze na hilo, maana wapo wanaolikalia toka asubuhi mpaka jua linazama wakidhani ni la serikali. Nililigonga mwenyewe kwa mbao za makasha ya sabuni, mbele ya kibanda changu cha kushona viatu, hapa nje ya stesheni ya Kilosa, ili mteja apate pa kukaa nikimtengenezea soli. Mteja! Mwaka huu wa sabini na tano, waliokaa hapo wakiwa na kiatu kibovu hawafiki kumi. Wengine wote ni wanywa kahawa. Yupo Cleopa, balozi wetu wa nyumba kumi, tunayemwita Azimio kwa sababu hawezi kuagiza hata kikombe kabla hajatuambia chama kinasemaje. Yupo Mathias, mpagazi wa stesheni, tunamwita Redio, na hii redio haina pa kuizimia. Yupo Kibwana mwenye birika la kahawa. Na yupo Mzee Damiano, ndiye Mvuke, dereva wa treni miaka thelathini na moja, aliyestaafishwa mwaka juzi yalipokuja mainjini ya dizeli, ambayo yeye anayaita masufuria. Siku ninayoisimulia Mvuke alikuja na barua mfukoni na sanduku la bati mkononi. Treni ya Dar es Salaam ilikuwa ipite saa tisa alasiri, na mwenyewe alikuwa hajajua kama ataipanda.

Barua tulikuwa tumeshasomewa mara tatu. Ilitoka kwa wakubwa wa bustani ya watoto iliyokuwa ikijengwa huko Dar. Wameletewa kitreni kwa meli. Cha kuchezea watoto, lakini si cha kusukuma kwa mkono: kina injini ya moshi ya kweli, kina bomba, kina filimbi, kinakula makaa. Mabehewa yake yanamfika mtu mzima magotini. Vijana wanaijua dizeli tu, kwa hiyo wanamtaka dereva wa zamani anayejua kulisha moto. Reli yenyewe ni duara. Kitreni kinatoka stesheni, kinaizunguka bustani, kinarudi stesheni.

— Stesheni ile ile? Redio aliuliza, kwa mara ya nne.

— Ile ile, akasema Mvuke.

— Hakuna nyingine?

— Barua inasema moja.

— Sasa abiria anakwenda wapi?

— Anazunguka, Mathias. Anazunguka, anashuka.

— Anashuka pale pale alipopandia! Mzee wangu, huyo si abiria. Huyo kapotea.

Tukacheka. Mvuke naye alicheka, lakini kidogo, na mkono wake haukubanduka kwenye sanduku.

Niseme ukweli wangu. Mimi sikutaka aende. Mwezi wa tatu aliugua homa wiki nzima, na wiki ile nilipigilia misumari mpaka vidole vikavimba, kwa sababu sikuwa na wa kubishana naye. Redio hakutaka aende, Azimio hakutaka, hata Kibwana. Lakini wewe na ndevu zako unamwambiaje mwanamume mwenzako kwamba utamkosa? Humwambii. Unamwambia treni ni mbovu.

— Tuliangalie kisiasa, akasema Azimio, akakaa sawa.

— Haya, imeanza, nikasema.

— Fundi Stefano, shona viatu. Mzee Damiano, treni ya nchi inayojenga ujamaa inabeba mkonge. Inabeba sukari kutoka Kidatu. Inabeba mbolea. Hiyo ya kwako inabeba nini?

— Watoto.

— Inawapeleka shamba?

— Hapana, Balozi.

— Shule?

— Hapana.

— Basi huo ni uzururaji! Na uzururaji unakamatwa. Mimi nakuhurumia wewe, mzee wa watu, utakuja kukamatwa na mabehewa yako yote.

— Watalitia pingu wapi behewa? akauliza Kibwana.

— Usiniletee mzaha, Kibwana. Nimiminie kahawa.

Redio alikuwa haketi vizuri, na akiwa haketi vizuri ujue kuna habari inamwasha.

— Mnazungumzia siasa, afya ya mtu hamzungumzii. Treni ikizunguka duara, dereva anapinda kushoto. Siku nzima kushoto. Mwezi, mwaka, kushoto. Kule Lumuma kulikuwa na ng'ombe wa kuzungusha mtambo wa kukamulia miwa. Amezungusha miaka saba. Walipomwachia huru, akashindwa kwenda moja kwa moja! Wanamwita huku, anafika kwa kule. Maji ya kunywa yapo mbele yake, yeye anayazunguka tu.

— Muongo mkubwa we, nikamwambia.

— Muulize mtu yeyote wa Lumuma.

— Nani?

— Yeyote! Sasa mzee wetu akae Dar miaka mitatu, halafu arudi Kilosa. Anatoka kwake kuja hapa benchini, saa nzima tunamwona anapita tu. "Shikamoo Mzee." "Marahaba." Huyoo, anapita tena.

Hapo Mvuke alicheka mpaka akakohoa. Kibwana akampa kikombe, naye akaona pamenoga atie neno lake.

— Mimi sijui mambo ya reli, akasema. Ila najiuliza. Ukienda polepole, sawa. Lakini ukikoleza moto, ile injini si itaufikia mkia wake mwenyewe? Si utajigonga mgongoni?

— Itategemea urefu wa mabehewa, akasema Redio kwa uso wa kitaalamu.

— Mtajaza watu ujinga, nikasema.

— Na hakuna tembo, Kibwana akaongeza kwa huzuni. Pale Mikumi mzee alikuwa anawapigia filimbi tembo wanatoka relini. Dar atampigia nani? Kunguru?

Mvuke alilitazama sanduku.

— Yule jike wa Mikumi, akasema, alinisimamisha dakika arobaini. Mwanawe kalala katikati ya reli, na yeye kasimama. Nikazima filimbi, nikangoja. Abiria wananitukana. Nikawaambia, mwacheni mama amalize kazi yake.

Tulijua anachokifikiria. Toka astaafu, saa kumi alfajiri alikuwa keshaamka, anachochea mafiga kama tanuri la injini. Mkewe Generoza alishindwa. Ugali ulipangiwa ratiba, na ukichelewa dakika sita Mvuke alitaka aelezwe sababu. Kila treni ikiingia stesheni Mvuke alikuwa kwenye ua na saa yake ya mfukoni, anamgombeza dereva asiyemjua.

— Shemeji anasemaje? nikamuuliza.

— Sanduku kafunga yeye. Kasema mahindi yakishavunwa atanifuata. Kasema nikirudi nalo jioni nisipite mlango wa mbele.

— Lakini wewe?

— Mimi sijui, Stefano. Nimeendesha mabehewa ishirini mpaka Kidatu. Leo nikunje magoti nipande kitu kinachonifika hapa? Akajigusa gotini. Nitakuwa dereva, au nitakuwa kichekesho?

Hapo ndipo ningenyamaza, na mambo yangekwenda tulivyotaka sisi. Alikuwa amekaribia. Saa nane na nusu ilikuwa imepita, tiketi alikuwa hajakata. Lakini mdomo wangu una haraka zake. Mimi ndiye niliyekuwa nikishona ile mifuko ya ngozi ya tokeni za reli, basi nikajiona mjuzi.

— Na tokeni, nikasema, atakupa nani?

Benchi zima likasema ahaa.

Kwa msiojua: reli yetu ni njia moja, ya kwenda na kurudi. Dereva haondoki stesheni mpaka stesheni masta amkabidhi tokeni, kile chuma kilichomo kwenye mfuko wa ngozi wenye pete kubwa. Ukiwa nayo, njia ni yako mpaka stesheni ya mbele, na hapo unaikabidhi. Kila kipande cha njia hutolewa tokeni moja tu, kwa hiyo treni mbili haziwezi kukutana uso kwa uso. Na Mvuke kwa tokeni alikuwa mgumu. Siku moja alikaa Kidatu saa mbili nzima, stesheni masta kaenda kula, bwana mkubwa mmoja wa serikali yumo ndani anapiga ngumi dirisha, na Mvuke kakunja mikono: sina tokeni, siendi.

Redio alishaona mwanya. Akaokota ndala ya mteja wangu, akaiweka sikioni kama stesheni masta anayepiga simu stesheni ya mbele kuomba njia.

— Halo, stesheni? Ndiyo, hapa ni stesheni. Naomba njia. Unaomba kwenda wapi? Stesheni. Stesheni gani? Hii hii. Aa, ngoja nitazame kama mimi niko tayari kukupokea!

— Hawezi kujipigia simu mwenyewe, akasema Azimio. Ni kinyume cha utaratibu.

— Umeona Mzee? nikasema. Hakuna wa kukupa, hakuna wa kumpa. Kanuni zako mwenyewe zinakukataza.

Tukajua tumemweza. Kibwana akaanza kumimina duru nyingine.

Mvuke akainuka.

— Nyie ni watu wa ajabu, akasema. Nimekaa na nyie miaka yote hii karibu na reli, na hamjui reli. Lete vikombe.

Akamnyang'anya Kibwana vikombe, akavipanga benchini kwa duara. Kiberiti changu akakifanya injini.

— Hii hapa stesheni. Hii njia. Treni ni ngapi?

— Moja, akasema Redio.

— Ya pili iko wapi?

— Haipo.

— Tokeni ni ya nini?

— Usigongane na ya pili.

— Ehee! Sasa njia moja, treni moja. Tokeni atachukua asubuhi nani? Mimi. Nitamrudishia jioni nani? Yule yule aliyenipa. Mchana kutwa ninayo mkononi. Hapa inapanda, barua imesema kuna kilima, basi hapa unatia makaa mapema, usingoje ikuombe. Hapa inateremka, unabana mvuke. Hapa kona...

Kiberiti kilikuwa kinakwenda. Mdomo wake ulikuwa unapuliza, taratibu kwenye kilima, mbio kwenye mteremko, na mkono wa kushoto ulivuta filimbi ambayo haikuwepo. Mgongo ulikuwa umenyooka. Nilimtazama Redio, naye akanitazama, na wote tukajua tulichofanya.

Kiberiti kikasimama kwenye kona.

— Nani anakuja mbele yangu hapa? akauliza Mvuke.

Tukakitazama kiberiti.

— Nawauliza. Nani anakuja?

— Hakuna, Mzee, akasema Kibwana.

— Hakuna. Akakaa chini, kwenye udongo, pale pale penye benchi. Mnajua, mimi asubuhi moja ya ukungu, kabla ya kufika Mikumi, nina tokeni yangu mkononi, niliona moshi mbele kwenye kona. Nikasema basi, kuna mtu kakosea, tumekwisha. Mabehewa kumi na moja ya watu nyuma yangu. Nilibana breki mpaka vyuma vikalia. Ulikuwa moto wa nyika, watu wanachoma majani. Lakini toka siku ile, kona zote nilizipita na roho mkononi. Miaka kumi na minne. Generoza ndiye anayejua. Mpaka leo nikiwa kitandani nashtuka, nabana breki kwa mguu.

Akakigusa kiberiti.

— Leo naitiwa njia isiyo na mtu anayekuja. Na nyie mnaniambia ni mbovu.

Azimio alikohoa. Redio alijaribu mara ya mwisho, kwa sauti ya chini.

— Lakini watakucheka, Mzee. Magoti yako kidevuni.

— Wacheke. Si watoto? Abiria wangu wa zamani walikuwa wanapanda wakilia, wanashuka wakigombania mizigo. Hao watashuka wanacheka na watataka tena. Sijawahi kupata abiria anayetaka tena.

Mlio ukasikika kutoka upande wa Munisagara. Mvuke akatoa saa.

— Dakika nne kabla, akasema. Hovyo kabisa.

Redio akalitia sanduku kichwani bila kuambiwa. Tukaenda wote ndani. Mvuke alikata tiketi ya daraja la tatu, akaenda kwanza mbele kwenye lile sufuria la dizeli kumwambia dereva kwamba amewahi mno, kisha akapanda. Azimio alisimama dirishani, akaanza: "Ndugu Damiano, kwa niaba ya nyumba zote kumi..." halafu maneno yakamwishia. Akamshika mkono tu, na akaendelea kuushika mpaka treni ilipoanza kutembea ikabidi atembee nayo. Mimi nilitaka kumwambia kitu. Nilimwambia akifika Dar aangalie soli zake, barabara za lami zinazila. Akasema, sawa, fundi. Redio, ambaye hajapata kukosa neno toka alipozaliwa, alipunga mkono mpaka behewa la mwisho likaingia kwenye kona.

Tukarudi benchini, kila mtu akakaa. Vikombe bado vilikuwa vimepangwa duara. Kibwana akavikusanya, akavisuuza, akatikisa birika, akasema kahawa imebaki ya kuonja tu. Hakuna aliyetaka kuonja. Azimio alisema mvua za mwaka huu zimekuwa kidogo. Nikasema ndiyo.

Akatokea binti mmoja kwenye lango la stesheni, ameshuka treni ile ile, kapu mkono huu na mfuko mkono huu, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi.

— Shikamooni, akasema.

— Marahaba, mwanangu.

— Naitwa Anastazia, ni mwalimu mpya, nimepangiwa Zombo. Nimeambiwa lori linapita hapa saa kumi.

— Litapita, akasema Azimio. Likichelewa, ni saa kumi na moja.

Alishukuru, akatua kapu, akaitazama nafasi ya Mvuke benchini, kati ya Redio na Kibwana.

— Samahanini, akauliza. Pana mtu hapa?

Redio akaokota ile ndala, akaikung'uta vumbi. Azimio akainama kuvuta soksi zake. Mimi nikachukua nyundo, nikaiweka, nikaichukua tena. Binti wa watu alisimama pale na mfuko wake, anatungoja tumjibu.